Mashine ya Stika Ikikuchezea: Mwongozo Kamili wa Kusaka Hitilafu za Printa Kubwa na Kisu Chake

Ilikuwa Ijumaa, alasiri imeshapita, na nje ya karakana yetu nyuma ya Mwembe Tayari, Mombasa, kulikuwa na tuktuk mbili zikingoja stika za ubavuni. Ndani, kereji ya mashine ilikuwa imegonga ukuta wa kushoto kwa kishindo mara ya tatu, na skrini ikaandika kosa la mota. Fundi aliyeitwa aliisikiliza akiwa bado amesimama mlangoni, akasema, "Bodi imekufa hii." Bei aliyoitaja ingetosha kununua pikipiki kuukuu. Wenye tuktuk wakaondoka wakinung'unika. Asubuhi yake, kabla sijaanza kutafuta pesa za watu, nilichukua kitambaa laini nikapangusa ule utepe mwembamba wa plastiki unaopita nyuma ya kereji. Kitambaa kilitoka cheusi kama kimepangusa masizi ya sufuria. Nikawasha mashine, ikatembea, na bodi ile ile inafanya kazi hadi leo.

Mwongozo huu ni wa mashine zinazochapa kwa wino wa eko-solventi na kukata palepale, zile za upana wa karibu mita 1.3 hadi 1.6. Kama plota yako ni ya kukata tu, ruka habari za wino, mengine yanakuhusu.

Tukubaliane majina kwanza, maana kila karakana ina yake. Kereji ni kile kisanduku kinachokimbia kushoto na kulia kikiwa kimebeba hedi ya kuchapia na, kwa mashine nyingi, kisu pia. Reli ndiyo njia yake. Enkoda ni jicho dogo nyuma ya kereji linalosoma mistari myembamba mno iliyochapwa kwenye utepe wa plastiki. Mashine huhesabu mistari hiyo ili ijue kereji iko wapi. Rola ya chuma ni ile yenye mkwaruzo kama msasa, inayozungushwa na mota ili isogeze vinili, yaani ile plastiki ya stika yenye gundi na karatasi nyuma. Rola za mpira ni zile ndogo za juu zinazoshuka kuibana. Kapingi ni kituo cha pembeni ambapo hedi hulala ikiwa imefunikwa isikauke.

Kabla hujashika bisibisi

Zima kwa swichi, chomoa plagi ukutani, kisha subiri kama dakika tano. Ndani kuna kapasita zinazobaki na umeme hata taa zikiwa zimezimika, na umeme wetu ni wa volti 240. Ule mkanda mpana wa nyaya unaoingia kwenye hedi usiuchomoe wala kuuchomeka mashine ikiwa na umeme. Tone moja la wino au la jasho likiingia kwenye pini zake, hedi inaungua na huenda ikaondoka na bodi. Na jasho la Mombasa mwezi wa Februari halingoji kualikwa, kwa hiyo funga kitambaa kipajini kabla ya kuinama.

Piga picha kwa simu kila mahali unapotaka kulegeza. Skrubu zinazoshika kitu kinachoweza kusogea, kama kizuizi cha belti au kishikio cha hedi, ziwekee alama ya kalamu pale zilipo kabla ya kuzigusa, ili uweze kurudi ulikotoka.

Halafu kuna sheria ambayo vijana wangu wanaichukia: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na mashine ikapona, hujui dawa ilikuwa ipi. Ikizidi kuugua, hujui sumu ilikuwa ipi.

Pima kosa kwa rula

Wengi huanza kwa kufungua vifuniko. Mimi naanza kwa rula, na hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu, kwa sababu ukielewa sehemu hii nusu ya kazi imeisha.

Chapa kwanza jaribio la nozeli, yale matundu madogo ya hedi yanayotoa wino. Kama kuna mapengo kwenye vile vimistari vya rangi, shida yako ya kwanza ni ya wino na usafi wa hedi. Imalize hiyo, vinginevyo utasaka hitilafu ya chuma isiyokuwepo. Nozeli zikiwa kamili, chapa ukanda wa kijivu wa rangi moja, upana wote wa vinili, urefu wa nusu mita hivi. Utandaze mezani penye mwanga na uuangalie kwa mshazari.

Sasa jiulize: kasoro inarudi baada ya umbali gani, na kwa upande upi?

Kitu chochote cha mviringo chenye kasoro huacha alama kila kinapomaliza mzunguko. Kwa hiyo pima kutoka alama hadi alama, ulinganishe na mzingo wa kila rola, yaani kipenyo mara 3.14. Rola ya milimita 20 ina mzingo wa karibu milimita 63. Ya milimita 16, karibu 50. Ukiona mstari unaokata upana wa vinili kila baada ya milimita 63, kompyuta haina hatia. Tafuta gundi iliyoganda, nyuzi za vinili au kibonyeo kwenye rola ya ukubwa huo. Alama zikiwa zimekaribiana zaidi, fikiria gia ndogo inayoendesha rola, kwani yenyewe huzunguka mara kadhaa rola inapozunguka mara moja. Jino moja lililokatika au lililojaa uchafu hujitokeza hivyo.

Kwa upande wa kereji hesabu ni ileile. Kapi la meno 20 lenye belti ambayo jino hadi jino ni milimita 2 humaliza mzunguko kila milimita 40. Wimbi linalojirudia kila milimita 40 kutoka kushoto kwenda kulia linakuita kwenye kapi hilo au beringi yake. Lakini kasoro ikiwa daima mahali pamoja, tuseme sentimita 52 kutoka kulia, hata ubadilishe picha, hiyo haihusiani na mzunguko wa kitu chochote. Nenda sentimita hiyo hiyo kwenye mashine: utakuta mkwaruzo kwenye utepe, uchafu kwenye reli, au uvimbe kwenye meza.

Kasoro isiyo na mpangilio, leo hapa kesho pale, ndiyo mbaya. Mara nyingi ni waya uliolegea, mkanda wa nyaya uliochoka kwa kukunjwa mara nyingi, vinili inayoteleza, au umeme unaopanda na kushuka.

Jaribio la pili ni la urefu. Chora kwenye kompyuta mstari wa milimita 1,000 uelekeo wa mwendo wa vinili, uchape au ukate mara tatu, kisha pima kwa rula ya chuma. Tepu ya kitambaa ya fundi cherehani inavutika, itakudanganya. Ukipata 998, 998 na 998, mashine yako ni nzima na inataka kusahihishwa tu kwenye mpangilio wa hatua ya mwendo, yaani kiasi ambacho vinili inasogezwa kila mara. Ukipata 998, 994 na 999, usiguse mpangilio wowote. Kitu kinateleza, na ukisahihisha namba utakuwa unakimbiza kivuli. Nimeona watu wakihangaika na programu siku nzima, kumbe rola ya mpira imekuwa laini na inang'aa kama kigae.

Kereji ikigonga au ikisimama njiani

Dalili: mashine inawaka, kereji inaruka upande mmoja kwa nguvu, inagonga, kisha kosa la mota. Au inachapa vizuri, halafu ghafla nusu ya picha inahamia pembeni.

Anza na utepe wa enkoda. Mashine ikiwa imechomolewa, lowesha kidogo kitambaa kisichoacha nyuzi kwa maji ya betri, yale maji safi, si asidi. Shika utepe taratibu katikati ya vidole viwili na uvute kitambaa kutoka mwisho hadi mwisho bila kuukunja. Ukungu wa wino ukigoma kutoka, tumia spiriti ya isopropili kidogo sana. Thina usiiguse, inaweza kufuta mistari yenyewe, na utepe usio na mistari ni plastiki tu. Angalia pia kama utepe unapita katikati ya mwanya wa jicho bila kusugua, na kama chemchemi inayouvuta mwishoni haijachomoka. Utepe uliokwaruzika unabadilishwa. Ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu kwenye mashine nzima, hivyo weka mmoja wa akiba.

Utepe ukiwa safi na ugonjwa upo palepale, sukuma kereji kwa mkono umeme ukiwa umezimwa. Kwanza hakikisha kile kifungo kinachoishikilia kwenye kapingi kimeachia. Kwa baadhi ya mashine unakizungusha kwa bisibisi, nyingine zina menyu yake ya kuachia hedi kabla ya kuzima. Isukume polepole, kutoka mwisho hadi mwisho, na usikilize kwa vidole. Ikiwa nzito mahali pamoja, reli ina uchafu au imeumia hapo. Ikiwa nzito njia nzima, beringi zimekauka au belti imekazwa mno. Ikikwama karibu na ukingo mmoja tu, tazama ule mnyororo wa plastiki unaobeba nyaya na mirija ya wino: kiungo kimoja kikivunjika hunasa kwenye ubao wa nyuma.

Belti iangalie kwa tochi. Vumbi jeusi chini yake maana yake meno yanaliwa. Ikilegea, mistari ya wima hupata kivuli pembeni na herufi huonekana kama zimeandikwa mara mbili. Lakini kabla ya kuikaza, chapa jaribio la mwelekeo mmoja. Kama kivuli kinatoweka kereji inapochapa ikienda upande mmoja tu, huenda unachohitaji ni kurekebisha mpangilio wa kuchapa pande mbili. Ukiikaza belti kupita kiasi, utaua beringi za mota, na hizo si za bei ya utepe.

Kuhusu mafuta: pangusa ya zamani kwanza, ndipo uweke mapya, kidogo, ya aina inayotajwa kwenye kitabu cha mashine. Mafuta ya kupulizia ya kulegeza kutu, kama WD-40, hayafai kuwa kilainisho cha reli. Yanaosha ile grisi iliyokuwepo na kukuacha mkavu. Nilishaitwa Kongowea kwenye mashine iliyopakwa mafuta ya nazi. Chumba kilinukia vizuri sana. Reli ilikuwa imeganda vumbi la miezi mitatu kama urojo.

Vinili ikienda upande

Hii ndiyo inayokula pesa kimyakimya, kwa sababu mita mbili za mwanzo zinakuwa sawa, na ya tatu inajikunja.

Lisha mita tatu bila kuchapa. Kabla ya kuanza, weka alama ya kalamu kwenye meza pale ukingo wa vinili ulipo, kushoto na kulia. Baada ya mita tatu, tazama ukingo umehama kiasi gani. Kuhama kwa milimita moja au mbili kunavumilika kwa stika ndogo. Kwa kazi ndefu ya ubavu wa matatu hapana.

Mara nyingi chanzo kiko nyuma ya mashine wala si mbele. Roli ya vinili imewekwa imeinama, au vizuizi vyake vya pembeni vimelegea, au vinili inavutwa kwa nguvu kutoka kwenye roli nzito bila ulegevu. Fungua mita moja hivi ining'inie nyuma kabla ya kuanza, uilinganishe kingo zake na roli, kisha funga. Hilo peke yake huponya wengi.

Halafu rola za mpira. Kila moja lazima ikae juu ya sehemu ya rola ya chuma yenye mkwaruzo. Mashine nyingi huweka alama mbele kuonyesha mahali pake. Mbili za pembeni zisikanyage ukingo kabisa, ziingie ndani kidogo. Jaribu shinikizo lake hivi: kata vipande viwili vya vinili vya upana sawa, weka kimoja chini ya rola ya kushoto na kingine ya kulia, shusha rola, kisha vuta vyote kwa mikono miwili. Kimoja kikitoka kwa urahisi kuliko kingine, chemchemi ya upande huo imechoka au skrubu yake imelegea. Rola yenye kidonda, iliyopasuka, au iliyong'aa ibadilishwe. Zibadilishe zote pamoja ukiweza, kwa sababu mpya na kuukuu hazibani sawa.

Rola ya chuma isafishe kwa brashi ngumu ya plastiki huku ukiizungusha kwa mkono. Gundi ya vinili ndiyo adui yake mkuu, na gundi hulainika na joto letu. Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, utaisafisha mara mbili zaidi ya wakati wa kusi.

Mwisho, matundu ya meza. Feni ya chini huvuta vinili ilale. Matundu yakiziba kwa vumbi la vinili, inainuka. Na joto la meza likizidi kwa vinili nyembamba, inafanya mawimbi, hedi inaigusa, na unapata mkwaruzo mweusi katikati ya uso wa mteja. Shusha joto kwanza, digrii tano tano, kabla hujapandisha hedi juu. Kuipandisha hedi kunaokoa leo, lakini matone ya wino husafiri mbali zaidi na picha inakosa ukali.

Mistari ya rangi iliyolala

Kwa ufupi, maana mengi nimeshayagusa: nozeli zikiwa kamili na bado kuna mistari yenye umbali sawa, ni hatua ya mwendo. Mistari myeupe maana yake vinili inasogea kupita kiasi kati ya mapito mawili ya hedi. Mistari myeusi maana yake inasogea pungufu na wino unapandana. Rekebisha kwa vinili hiyo hiyo, na joto lilelile utakalochapia, kwa sababu banna nzito na vinili nyembamba hazisogei sawa.

Kisu

Hapa watu huongeza nguvu. Kisu hakikati, ongeza gramu. Bado, ongeza tena. Mwisho kisu kinapita vinili, kinapita karatasi ya nyuma, kinachimba ule ukanda mweupe wa kukatia ulio mezani, na kuanzia siku hiyo hakuna kitakachokatika sawa.

Fuata mpangilio huu. Toa kishikio cha kisu kwenye kereji, kisu kikiwa ndani yake. Vinili ya kawaida ina unene wa kati ya mikroni 70 na 100, yaani haizidi sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa hiyo ncha ya kisu inayochungulia haipaswi kuwa zaidi ya unene wa kucha. Izungushe ncha kwa kidole kwa uangalifu: izunguke yenyewe bila kukwama. Ikigoma, ndani ya kishikio kumejaa nyuzi za vinili. Fungua, puliza, weka tone dogo la mafuta mepesi kwenye beringi, rudisha. Ncha iliyovunjika huioni kwa macho. Itazame kwa kamera ya simu ukikuza picha.

Sasa kata mraba wa sentimita mbili wenye duara ndani, bila kuchapa. Umenye kwa mkono. Vinili itoke safi na karatasi ya nyuma iwe na mkwaruzo hafifu tu, usiopita upande wa pili. Kisha usome kona zake. Kona zilizoviringika kama za sabuni iliyotumika zinasema thamani ya umbali wa ncha na mhimili wa kisu ni ndogo. Kona zenye masikio yanayochomoza zinasema ni kubwa. Visu vingi vya kawaida huanzia milimita 0.25. Mwanzo na mwisho wa duara visipokutana, angalia kwanza kama kisu kinazunguka huru na kishikio kimekazwa. Kinacholegea hakirekebishiki kwa namba.

Je, kinakata vizuri mahali pamoja na hafifu pengine? Kata miraba mitano kwa upana wote wa meza. Ikiwa wa katikati tu ndio mbaya, ukanda wa kukatia umechimbika hapo, maana katikati ndipo wengi hukata stika ndogo. Ubandue, safisha gundi ya chini, weka mpya. Usiupachike juu ya ule wa zamani. Nimekuta mahali pameongezwa tabaka tatu, na mwenye karakana alishangaa kwa nini kisu kimekuwa "kikali sana".

Picha imetoka sawa, kisu kimekata pembeni

Hili ndilo linalowafanya watu wa stika kulala saa nane usiku, kwa hiyo lichunguze kwa utulivu. Chapa miraba kumi na miwili iliyosambazwa kwenye mita moja na nusu, ikiwa na alama za kona, na uikate. Kisha pima kosa kwenye kila mraba.

Kosa likiwa sawa kwenye yote, tuseme milimita moja kulia kila mahali, mashine haina ugonjwa. Rekebisha mpangilio wa picha na kisu kwenye menyu, basi. Likianza sifuri na kukua kadri unavyokwenda mbali, vinili inateleza au inabadilika urefu: rudi kwenye rola, kisha fikiria joto, kwani vinili iliyotoka motoni hurudi kidogo ikipoa. Likiwa dogo upande wa kushoto na kubwa upande wa kulia, vinili iliingizwa imeinama, au jicho linalosoma alama za kona limefunikwa na ukungu wa wino. Lipanguse kwa pamba laini. Alama zikichapwa kwenye vinili ya kung'aa sana, au nuru kali ya mlango ikiangukia hapo, jicho hukosea. Funga mlango au weka pazia kabla hujabadilisha sensa.

Na subira. Wino wa eko-solventi unapokuwa bado mbichi, hulainisha gundi na vinili yenyewe, na kingo zilizokatwa hujikunja siku ya pili. Kazi ya kuwekewa laminesheni iachwe ikauke saa 24, iwe imefunguliwa kidogo, isiwe imekazwa kwenye roli. Mteja atalalamika. Mwache alalamike leo kuliko kurudi na tuktuk yenye stika zinazopepea.

Kapingi, kwa haraka

Nozeli zikitoka vizuri baada ya kusafisha, kisha zinapotea baada ya dakika kumi, usiendelee kusafisha tu. Unamwaga wino wa pesa. Sogeza hedi pembeni, weka maji maalumu ya kusafishia hedi, si maji ya kawaida, kwenye kikombe cha kapingi hadi yajae, subiri dakika kumi. Yakitoweka yenyewe, mrija au pampu inavuja. Yakibaki, washa pampu: yasiponyonywa, mrija umeziba au umechoka. Yakikaa na kunyonywa vizuri, angalia mdomo wa mpira wa kapingi kama una wino ulioganda, na waipa, kile kibao cha mpira kinachopangusa uso wa hedi, kama imepinda. Hapo hewa inapita na hedi inakauka usiku.

Umeme ukikatika kereji ikiwa katikati ya meza, usiiache hapo. Irudishe polepole kwenye kapingi kwa mkono, kama mashine yako inaruhusu.

Chumvi ya hewani

Mashine nyingi za aina hii hutakiwa kufanya kazi kwenye unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 35 na 80. Wakati wa mvua ndefu za Aprili na Mei, chumba cha wazi karibu na Kilindini au Mji wa Kale hupita kiwango hicho bila shida. Reli hupata vidoadoa vya kutu, skrubu za kishikio cha kisu zinagoma, karatasi ya nyuma ya vinili hunyonya unyevu na vinili hujikunja. Nunua kipima unyevu kidogo cha bei nafuu, ukitundike karibu na mashine. Kiyoyozi kikiwepo, kipulize mbali na meza, kisielekee hedi. Usiku funika mashine kwa shuka la pamba; nailoni hunasa unyevu ndani. Roli zilizobaki zirudi kwenye mifuko yao, zisimame wima, mbali na sakafu ya saruji.

Asubuhi, kabla ya kuwasha, nipe dakika tatu tu: pangusa reli kwa kitambaa kikavu, tazama utepe, zungusha rola ya chuma ukitafuta gundi. Kila Jumamosi kata ule mraba wenye duara na uubandike ukutani ukiwa na tarehe. Baada ya miezi miwili utaona ugonjwa ukija kabla haujafika.

Ukilazimika kumwita fundi

Kuna mambo ya kumwachia: mota inayonguruma bila kuzunguka, harufu ya kuungua, kosa linalorudi baada ya kusafisha kila kilichotajwa, na chochote kinachohusu kufungua kisanduku cha umeme cha mashine. Kabla hajafika, mtumie video ya kishindo chenyewe, namba ya kosa kama ilivyoandikwa kwenye skrini, kipande cha jaribio chenye vipimo vya rula, na orodha ya ulichokwisha kufanya. Fundi mzuri atafurahi. Anayekasirika kwa kuonyeshwa rula, mtazame kwa jicho la pili.

Akisema ni bodi, mwombe apime mbele yako volti zinazoingia na kutoka, na kwanza ajaribu mkanda mwingine wa nyaya na utepe mwingine wa enkoda. Mkikubaliana kubadilisha, bodi ya zamani isiondoke karakanani. Ifunge kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, andika tarehe juu, uiweke kabatini. Mpya ikileta kosa lilelile, utaihitaji hiyo siku hiyo hiyo.